Karakana ya Pikipiki Iwe Darasa la Sayansi

Katika vyuo vyetu vya ualimu tunafundisha kwamba somo jema huanzia kwenye jambo analolijua mtoto, kisha likampeleka kwenye jambo asilolijua. Kanuni hii kila mwalimu mwanafunzi anaweza kuitaja bila kusitasita. Lakini anapofika shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, hasa katika somo la sayansi, aghalabu huianza mada ya mashine rahisi kwa kuandika ubaoni kwamba mashine ni kifaa kinachorahisisha kazi. Wanafunzi hunakili, huchora wenzo ulioegemezwa juu ya jiwe, na kipindi kinakwisha. Wakati huohuo, nje ya dirisha, pikipiki inapanda kilima ikiwa imepakia abiria wawili na gunia la tangawizi, na watoto wote wanajua kwa mlio wake ni ya nani na ina ubovu gani.

Maoni yangu katika makala haya ni kwamba pikipiki ndiyo zana bora ya kufundishia mashine, kani na vipimo katika shule za msingi za wilaya ya Same na milima yote ya Upare. Nitakwenda mbali zaidi na kudai kwamba kazi moja ya ufundi ambayo wengi wetu huiona kuwa ni mchezo wa vijana, yaani kuigeuza pikipiki kuukuu ya barabarani kuwa chopa isiyo na springi nyuma, inabeba mafunzo mengi kuliko sura nzima ya kitabu cha kiada. Sisemi kwamba watoto wafundishwe kuitengeneza. Nasema wafundishwe kuihoji.

Chopa ni nini

Pikipiki nyingi zipitazo katika mji wa Same na vijiji vya milimani ni za injini ndogo, za sentimita za ujazo kati ya 100 na 150. Nyingi kati ya zile za Kichina zimefuata muundo wa Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi zenye barabara mbaya na mafundi wachache. Gurudumu la nyuma la pikipiki ya namna hii halikufungwa moja kwa moja kwenye fremu. Limeshikwa na mkono wa chuma wenye pande mbili, ambao kwa mbele umeungwa na fremu kwa bolti moja ndefu, ukaachwa uweze kupanda na kushuka. Shokapu mbili, kila moja na springi yake, huuzuia mkono huo usipande kupita kiasi na kuurudisha mahali pake.

Chopa ni pikipiki iliyokatwa na kupunguzwa. Desturi hii ilikua Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, pale vijana, wengi wao askari waliorudi makwao, walipoanza kuondoa madigadi na vifaa vingine ili chombo kiwe chepesi. Baadaye wakarefusha uma wa mbele, wakainua usukani na kufunga tangi dogo. Siku zile pikipiki kubwa za Harley-Davidson hazikuwa na springi nyuma, na kampuni hiyo haikuzitia hadi mwaka 1958. Wapenzi wa chopa walikuwa wameuzoea mstari ulionyooka kutoka shingo ya fremu hadi ekseli ya nyuma, hivyo wakaendelea kujitengenezea fremu za namna ile ya zamani. Fremu hiyo tuiite hapa fremu ya mkia mgumu. Mwaka 1984 kampuni hiyohiyo ilianza kuuza pikipiki iitwayo Softail, ambayo kwa macho ni mkia mgumu, kumbe shokapu zake zimefichwa chini. Umbo lilibaki, lakini mgongo wa mpandaji ukapata nafuu.

Mwanafunzi wa Same hana haja ya kusafiri ili auone mkia mgumu. Baiskeli ya Phoenix iliyoegemezwa kwenye mgomba nyumbani kwao ni mkia mgumu. Fremu yake haina springi hata moja. Springi zipo chini ya kiti tu. Chukudu la Goma, lile toroli la mbao ambalo watu wa mashariki ya Kongo hulisukuma likiwa limebeba mkaa na viazi, nalo halina springi nyuma. Kwa hiyo mwalimu anapoitaja chopa hataji kitu cha ajabu. Anawaonyesha watoto swali la zamani katika vazi jipya: mashimo ya barabara yamezwe na nini, na kwa gharama gani?

Kazi yenyewe na sayansi iliyomo

Tuseme kijana ana pikipiki kuukuu ambayo injini yake ni nzima lakini shokapu zake zimekufa, na anakusudia kuigeuza akiwa nyumbani. Tuifuate kazi yake hatua kwa hatua, huku tukijiuliza kila mara ni somo gani limo ndani yake.

Hatua ya kwanza ni kupima kabla ya kukata. Fremu ikikatwa bila kushikwa imara hupinda, na kupinda kwa milimita chache kunatosha kuharibu kila kitu. Fundi mwangalifu huifunga fremu juu ya kitanda cha chuma kilichonyooka, kisha huvuta uzi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ili kuona kama yako katika mstari mmoja. Ekseli ya nyuma lazima iwe sambamba na bolti iliyokuwa ikishika ule mkono. Namna ya kuhakikisha ni kupima umbali kati ya ekseli na bolti upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, halafu kupima hanamu mbili zinazokatana kati yake. Ncha za upana mmoja zikiachwa katika nafasi sawa, vipimo vya pande vikalingana, na hanamu zikalingana, mistari ni sambamba. Hii ni jometri ya shule ya msingi, na hapa kosa lake lina adhabu: sproketi mbili zisipokaa katika mstari mmoja, cheni hulika upesi au huruka.

Hatua ya pili ni kuunda umbo jipya la nyuma. Mkono na shokapu huondolewa, na mabomba manne ya chuma huchukua nafasi yao, mawili kila upande, moja likitoka chini ya injini na jingine likishuka kutoka chini ya kiti, yakikutana kwenye ekseli. Kwa hiyo kila upande hupatikana pembetatu. Kwa nini pembetatu? Jibu halihitaji gereji. Mpe mtoto vijiti vinne na misumari minne, aunde mraba kwa msumari mmoja katika kila kona. Akiusukuma, mraba utalala. Mpe vijiti vitatu, aunde pembetatu, kisha aisukume. Haitalala mpaka kijiti kivunjike. Baada ya hapo mpeleke nje akazihesabu pembetatu katika baiskeli, katika paa la darasa na katika nguzo za umeme zilizojengwa kwa vyuma vilivyosukwa. Mtoto aliyefanya hivyo hataisahau pembetatu maisha yake yote.

Hatua ya tatu ni cheni. Katika pikipiki ya kawaida mkono wa nyuma hupanda na kushuka, na umbali kati ya sproketi ya mbele na ile ya nyuma hubadilika kidogo kwa kila shimo. Kwa sababu hiyo cheni huachiwa ulegevu wa kutosha. Katika mkia mgumu umbali haubadiliki, hivyo ulegevu unaohitajika ni mdogo zaidi. Hapa pia pana hesabu ya uwiano. Sproketi ya mbele ikiwa na meno 15 na ya nyuma meno 45, ya mbele huzunguka mara 3 ili ya nyuma izunguke mara 1. Waulize wanafunzi: dereva apandaye Mbaga na mzigo atachagua sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi au machache zaidi, naye atapoteza nini kwa uchaguzi huo akishafika barabara kuu ya tambarare?

Hatua ya nne ni kuchomelea. Chuma kikipata joto hutanuka, kikipoa husinyaa, na mahali palipochomelewa husinyaa pamoja na kuvuta bomba zima. Ndiyo maana fundi hodari hashiki upande mmoja akaumaliza. Hugusa hapa, akagusa pale, akarudi upande wa pili, mpaka viungo vyote vimeshikana ndipo ajaze. Sura ya "Joto na mabadiliko ya maada" ambayo wanafunzi huikariri kwa mfano wa reli na nyaya za simu ipo hapa mbele ya macho yao.

Hatua ya tano ni kuuelewa wenzo ulioondolewa. Ule mkono wa nyuma ulikuwa wenzo, na egemeo lake ni ile bolti ya mbele. Tuseme kutoka bolti hadi ekseli ni sentimita 40, na kutoka bolti hadi shokapu ni sentimita 32. Barabara ikiisukuma ekseli juu kwa kani inayolingana na uzito wa kilo 80, tunazidisha 80 kwa 40 na kupata 3,200, kisha tunagawanya kwa 32 na kupata 100. Yaani shokapu zikiwa zimesimama wima, kwa pamoja hubeba uzito wa kilo 100 ingawa ekseli imesukumwa kwa 80. Mwalimu anaweza kuuliza kama wenzo huu ni wa daraja la pili au la tatu. Wanafunzi watabishana, na ubishi wao utakuwa halali, kwa kuwa jibu linategemea tumeita nini jitihada na nini mzigo. Tukisema barabara ndiyo inayosukuma na springi ndiyo inayosukumwa, mzigo uko kati ya egemeo na jitihada, basi ni daraja la pili. Tukisema springi ndiyo inayoinua na uzito uko kwenye ekseli, jitihada iko katikati, basi ni daraja la tatu. Maneno haya ya vitabuni yanatoka katika namna yetu ya kutazama, na mtoto apaswa kulijua hilo mapema.

Je, chopa yafaa Upareni?

Mwalimu asiyetoa uamuzi amefundisha nusu. Uamuzi wangu ni kwamba, kwa barabara za milima yetu, pikipiki ya mkia mgumu haifai, na ni vizuri wanafunzi waufikie uamuzi huo wenyewe kwa njia ya sayansi.

Sababu ya kwanza inayokuja akilini ni mgongo wa mpandaji, lakini iko nyingine iliyo kubwa zaidi. Springi zina kazi mbili. Moja ni kumpunguzia mtu mtikisiko. Ya pili ni kulirudisha gurudumu ardhini mara linaporushwa na jiwe. Gurudumu lililo hewani haliwezi kusukuma wala kufunga breki. Katika mteremko wa changarawe utokao Vudee au Suji kuja bondeni, kila nukta ambayo gurudumu halijagusa ardhi ni nukta isiyo na breki. Mkia mgumu una mpira wa tairi tu wa kumeza jiwe, na tairi haliwezi kazi hiyo peke yake.

Sababu nyingine ni kona. Wanaotengeneza chopa hupenda kuulaza na kuurefusha uma wa mbele, na kwa kufanya hivyo huongeza umbali kati ya ekseli mbili. Tuseme umbali huo ulikuwa sentimita 128 na sasa ni sentimita 160. Uwiano wake ni 4 kwa 5. Pembe ya usukani ikiwa ileile, basi kwa makadirio duara la kugeukia nalo huongezeka kwa uwiano huohuo, yaani kwa robo. Barabara za milimani zilizokatwa ubavuni mwa mlima hazina nafasi ya robo hiyo. Zaidi ya hayo, uma uliolala sana hufanya usukani uwe mzito katika mwendo wa polepole, na mwendo wa polepole ndio mwendo wa milimani.

Iko pia njia ya mkato ambayo ni hatari kuliko chopa yenyewe, nayo ni kuondoa shokapu na kuweka vipande vya chuma mahali pake, huku ule mkono ukibaki. Anayefanya hivyo hudhani amepata mkia mgumu kwa bei nafuu. Kumbe mkono ule na vishikizo vya shokapu viliundwa vipokee kani iliyokwisha kupunguzwa na springi. Vikipokea kipigo kizima cha kila shimo, chuma huchoka, nyufa huanza pasipoonekana, na siku moja hukatika kikiwa na abiria. Dereva anayechoshwa na shokapu zinazokufa kwa uzito wa abiria watatu anaweza kushawishika kufuata njia hiyo. Tukumbuke kwamba abiria hao mara nyingi ni wanafunzi wetu wanaoletwa shuleni asubuhi. Kwa hiyo mada hii haihusu matajiri wanaojipamba. Inahusu usalama wa mtoto wa Darasa la Tatu.

Sheria nayo isisahaulike. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu chombo kisicho salama kupita barabarani, na yeyote aliyebadili fremu ya pikipiki yake anao wajibu wa kuwaona wahusika wa ukaguzi na usajili kabla ya kuipanda nje ya uwanja wake.

Andalio la somo

Napendekeza somo la vipindi vinne kwa Darasa la Tano au la Sita, litakaloandaliwa kama ifuatavyo.

Kipindi cha kwanza kifanyike darasani. Wanafunzi waunde mraba na pembetatu kwa vijiti, kisha wafanye jaribio la mtikisiko. Chukua ubao mmoja, makopo mawili yaliyojazwa mahindi hadi ukingoni, na kandambili moja kuukuu. Kopo moja likae moja kwa moja juu ya ubao, la pili likae juu ya kandambili. Ubao uinuliwe upande mmoja kwa kimo cha kidole na kuachwa udondoke mara kumi. Wanafunzi wahesabu punje zilizomwagika kutoka kila kopo na kuandika katika jedwali. Hapo watakuwa wameiona kazi ya springi bila kutumia hata senti moja.

Kipindi cha pili kiwe cha baiskeli. Iletwe baiskeli moja uwanjani, wanafunzi wapime umbali kati ya ekseli, wahesabu meno ya sproketi mbili, na wazungushe pedali mara moja ili kuhakikisha kwa alama ya chaki kwamba hesabu yao ya uwiano ni sahihi.

Kipindi cha tatu kiwe cha kutembelea karakana. Hapa mwalimu asifanye haraka. Aende peke yake siku moja kabla, azungumze na fundi, na wakubaliane mambo haya: pikipiki itakayotazamwa iwe imezimwa na injini imepoa, pasiwe na kuchomelea wakati watoto wapo, na fundi mwenyewe awe mzungumzaji mkuu. Watoto waende katika vikundi vidogo, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wazazi. Mwalimu awaeleze mapema kwa nini hawatauona moto wa kuchomelea: mwanga wake huunguza jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye kana kwamba jicho limejaa mchanga. Awaeleze pia kwamba tangi la petroli lililo tupu ni hatari zaidi ya lililojaa, kwa maana mvuke uliobaki umechanganyika na hewa na unangoja cheche tu. Hali kadhalika, bomba la maji lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi unaoleta homa, na bomba la namna hiyo halifai kabisa kuwa fremu. Mambo haya matatu yaweza kuokoa maisha ya mtu miaka ishirini baada ya somo.

Kipindi cha nne kiwe cha mjadala. Swali liandikwe ubaoni: "Kijana wa Same anataka kuondoa springi za nyuma za pikipiki yake. Tumshauri nini?" Kundi moja litetee, jingine lipinge, na kila hoja itolewe pamoja na kipimo, jaribio au maelezo ya fundi. Anayesema "si nzuri" bila sababu asikubaliwe. Na kundi linalotetea lisidharauliwe, maana wapo watakaosema, na kwa haki, kwamba fremu isiyo na viungo vinavyocheza ni nyepesi, ina vipuri vichache vya kuharibika, na hutosha katika njia iliyo laini.

Hoja za wanaopinga

Nimekwisha kusikia hoja kadhaa dhidi ya mafundisho ya namna hii. Wa kwanza husema mtihani hauulizi pikipiki. Ni kweli, lakini mtihani huuliza wenzo, uwiano, pembe, msuguano na joto, na mtoto aliyeviona vitu hivyo vikifanya kazi atavijibu vizuri kuliko aliyevikariri.

Wa pili husema tutawavuta watoto waache shule wakaendeshe bodaboda. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa fedha ya kila siku humshawishi kijana. Hata hivyo mtoto hashawishiki kwa sababu mwalimu ameitaja pikipiki. Hushawishika anapoona kwamba shule na maisha ni mambo mawili yasiyokutana. Akigundua kuwa hesabu za darasani ndizo zinazomtofautisha fundi wa kubahatisha na fundi wa kuaminika, atakuwa na sababu moja zaidi ya kubaki.

Wa tatu husema mambo haya ni ya wavulana. Huyu nampinga bila kusita. Msichana ndiye apandaye pikipiki hizo akienda sokoni, zahanati na shuleni, naye anayo haki ya kujua kama chombo kilichombeba ni kizima. Katika kupima, kuhesabu na kuhoji, mwalimu ahakikishe kwamba futikamba haibaki mikononi mwa wavulana peke yao.

Wa nne husema shule hazina fedha za vifaa. Lakini vijiti, makopo na kandambili vipo kila mahali, na karakana ya fundi imekwisha kujengwa kwa fedha zake mwenyewe.

Lugha ya fundi na lugha ya kitabu

Mwalimu mwanafunzi atakutana na ugumu mmoja ambao hautajwi katika mihutasari. Fundi ana maneno yake: shokapu, sproketi, beringi, plagi. Kitabu kina maneno yake: egemeo, jitihada, kani, msuguano. Mtoto anayejua ya fundi hujiona mjinga mbele ya kitabu, na mwalimu anayejua ya kitabu huchekwa kwenye gereji. Ushauri wangu ni kwamba safu mbili ziandikwe ubaoni bega kwa bega, na kila neno la upande mmoja litafutiwe maelezo upande wa pili. Fundi asemapo pikipiki "inavuta upande", tuulize ni kani gani isiyolingana. Kitabu kisemapo "msuguano hupungua kwa kutumia vilainishi", tuulize ni grisi ipi na inapakwa wapi. Kiswahili chetu kina nguvu ya kubeba yote mawili, mradi mwalimu asione haya kujifunza neno kutoka kwa mtu mwenye mikono myeusi kwa oili.

Heshima ya kazi ya mikono

Hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu. Milima ya Upare haikuanza leo kujua chuma. Isaria Kimambo, katika historia yake ya kisiasa ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, ameeleza habari za Washana wa Ugweno, ukoo wa wahunzi walioshika utawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Chuma cha Upare kilipelekwa hadi Uchagani, na majembe na silaha zikatokana nacho. Mhunzi alikuwa mtu wa kuheshimiwa na hata kuogopwa. Leo mjukuu wake akichomelea fremu kando ya barabara ya Same tunamwita mtu aliyeshindwa shule.

Dharau hii haiko kwetu pekee. Chopa mashuhuri kuliko zote duniani ni zile zilizoonekana katika filamu ya Marekani iitwayo Easy Rider ya mwaka 1969. Mamilioni ya watu waliwajua waigizaji waliozipanda. Walioshughulika kuziunda, Cliff Vaughs na Ben Hardy, wote wawili Wamarekani weusi wa Los Angeles, hawakutajwa katika filamu hiyo, na ilichukua miaka mingi kabla majina yao hayajajulikana kwa umma. Kifaa kilisifiwa, mikono iliyokiunda ikasahauliwa.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alilaumu elimu iliyomfundisha mtoto kuidharau kazi ya wazazi wake. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeleta mkondo wa amali katika sekondari. Ni hatua njema, lakini mkondo huo utapata wanafunzi wa namna gani ikiwa kwa miaka yote ya shule ya msingi walimu wamewafundisha kwamba gereji ni mahali pa walioshindwa? Heshima ya ufundi haianzi Kidato cha Kwanza. Huanza siku ile mwalimu wa msingi anapomkaribisha fundi mbele ya darasa na kumwita "mwalimu wetu wa leo".

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Si kila mtoto wa Same atakuwa fundi, wala hatutaki iwe hivyo. Lakini kila mmoja wao atapanda chombo kilichoundwa au kutengenezwa na fundi, na ni haki yake kujua ni nini kilichomshikilia barabarani. Basi ninyi mnaojiandaa kwenda shuleni kwa mazoezi, kabla ya kuandika andalio la mada ya mashine, tokeni nje ya uzio wa chuo. Mtafuteni fundi wa karibu, mketi naye saa moja, mwulize anapimaje, anakataje, na ni kazi gani aliwahi kuikataa kwa sababu ilikuwa ya hatari. Majibu yake yaandikeni, kwa kuwa nusu ya somo lenu itakuwa imekwisha kuandaliwa.